Bibi alisema haya maji siyo ya leo

Mi nimezaliwa kijiji kimoja njia ya Pangani, ukitoka Tanga mjini unapita Mwambani, unapita Tongoni kwenye yale magofu, unaendelea kidogo tu umefika. Kwetu mtoto anaijua saa ya bahari kabla hajaijua saa ya ukutani, mtoto wa miaka saba ukimuuliza leo maji yanakupwa saa ngapi anakutajia bila kufikiri, kwa sababu mama yake akienda pwani na yeye anaenda, maji yakijaa wote wanarudi nyumbani kupika. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo haya ninayotaka kusema kuhusu tsunami hayataeleweka.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa na miaka 11. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo bamvua, na bamvua kwetu ni siku za neema, maji yanakupwa mbali mpaka mwamba unabaki mtupu, wanawake wanaokota chaza na tondo, wanaume na vijana wanachokoa pweza. Asubuhi ile maji yalikauka vizuri tu kama kawaida, kwenye saa nne na nusu yakafika chini kabisa, halafu yakaanza kurudi taratibu. Hakuna aliyeona kitu.

Ikafika kama saa saba mchana, watu wameshatoka kuswali adhuhuri, maji yamefika kwenye vigingi vya mwani, sisi watoto tunaogelea. Ghafla nikahisi miguu inavutwa. Nikadhani mkondo, nikasimama, nikaona maji yanashuka magotini, yakashuka vifundoni, yakaenda zake. Yaani maji ambayo yalikuwa yanajaa yakaanza kukupwa tena, na yakakupwa mbio mbio, siyo ule mwendo wa masaa sita tunaoujua, dakika chache mchanga uko wazi na tasi wanarukaruka kwenye madimbwi. Tukashangilia! Tukakimbilia samaki, mwingine anavua shati awabebee, mwingine anaita wenzake waliobaki juu waje na ndoo.

Bibi yangu alikuwa chini ya mkungu anampiga pweza wake kwenye jiwe ili alainike. Akanyanyua kichwa, akatazama bahari, akamwacha pweza palepale. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi anakimbia. Alikuja mpaka kwenye mchanga mbichi anapiga kelele, "Tokeni huko! Wee, tokeni! Haya maji siyo ya leo!" Akanishika mkono akanivuta na samaki wangu wakadondoka, mi nalia nataka nirudi kuwaokota, na wanawake wengine walipoona mtu mzima yule anakimbia vile nao wakaja kushika watoto wao bila kuuliza.

Maji yakarudi. Hayakuja kama ukuta ule wa kwenye video za Thailand, kwetu yalikuja kama maji ya kujaa ila kwa kasi ya mtu anayekimbia, yakapita vigingi vya mwani, yakazigonganisha ngalawa, ya baba mmoja ikavunjika tengo, yakafika mizizi ya ule mkungu, halafu yakarudi tena, halafu yakaja tena. Tuliyahesabu mara tano sita mpaka jua linazama. Pale tulipokuwa tunaokota samaki palikuwa pameshakuwa na kina cha kunizidi mimi, na mkondo wake hata mtu mzima asingesimama. Kwetu hakuna aliyekufa, alhamdulillah.

Ilibidi nikue ndo nielewe kwamba bibi hakuwa anajua tsunami ni nini. Neno lenyewe tulilisikia usiku ule redioni na yeye alilitamka anavyojua mwenyewe mpaka anafariki. Alichokijua ni kwamba bahari ina ratiba, mwezi ukiwa mpevu maji yanakauka saa nne na yanajaa saa kumi, na kitu kinachovunja ratiba hiyo hakina heri. Basi. Elimu yote iliyotuokoa siku ile ilikuwa hiyo.

Habari kamili ilitufikia kidogo kidogo. Tetemeko lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra kule Indonesia, ukubwa wake 9.1, na kwa saa zetu ilikuwa saa tisa na dakika 58 usiku. Mi hii saa huwa inaniuma nikiifikiria. Maana yake muadhini wetu alikuwa hajaamka kuadhini alfajiri na wimbi lilishaanza safari, tukaswali, tukanywa chai, mama akaenda pwani, watu wakaenda kanisani, na muda wote huo linakuja, karibu kilomita 6,000 za bahari, kwenye kina kirefu linakwenda kwa mwendo wa ndege ya abiria. Masaa kama tisa! Mtu angeweza kutoka Dar kwa basi akafika Tanga akatwambia kwa mdomo na muda ukabaki. Lakini Bahari ya Hindi wakati ule haikuwa na mfumo wowote wa kutoa tahadhari, Pasifiki walikuwa nao miaka mingi, huku hakuna. Kenya angalau habari za Asia ziliwafikia wakawatoa watu kwenye fukwe. Kwetu Tanzania walikufa watu zaidi ya kumi, wengi watoto na vijana waliokuwa wanaogelea upande wa Dar es Salaam, watoto kama mimi, wanafanya nilichokuwa nafanya mimi. Somalia walikufa karibu 300, hasa upande wa Hafun. Na kwa ujumla nchi zote, watu kama 230,000.

Mjomba wangu alikuwa nje ya mwamba anavua kwa mshipi, karudi jioni anashangaa watu wamejaa barazani wanalia, anauliza kuna msiba? Yeye hakuona chochote. Watu wengine walimtilia shaka, lakini alisema kweli, wimbi hili likiwa kwenye kina kirefu ni dogo sana kwa kimo, setilaiti iliyopita juu ya bahari kama masaa mawili baada ya tetemeko ilipima karibu sentimita 60 tu, na hizo sentimita zimetandazwa kwenye upana wa kilomita nyingi mno, chombo kinanyanyuka na kushuka taratibu mtu hajui. Likifika penye maji haba ndo linapunguza mwendo, maji ya nyuma yanawahi ya mbele, yanapanda. Kwa hiyo mvuvi aliye nje huko ndiye yuko salama na aliye gatini ndiye hatarini, na hili wavuvi wengi mpaka leo ukiwaambia hawakubali mara moja, kila mtu akisikia hatari anataka kukimbilia nyumbani.

Sasa nije 2012, kwa sababu hapo ndipo tulipoharibu.

Ilikuwa Jumatano 11 Aprili 2012. Wengi mtaikumbuka kwa kitu kingine, Kanumba alizikwa siku moja kabla na nchi nzima ilikuwa bado na majonzi. Mi nilikuwa nafanya kazi duka la simu Ngamiani, Tanga mjini. Mchana simu zikaanza kulia, tetemeko Sumatra tena, 8.6, limepiga saa tano na dakika 38 asubuhi, tahadhari imetolewa Bahari ya Hindi nzima. Safari hii tahadhari ilifika! Ule mfumo ulishaanzishwa chini ya UNESCO baada ya 2004, na kuanzia 2011 vituo vya India, Australia na Indonesia ndivyo vinavyofuatilia bahari yetu yote na kupeleka taarifa kwa kila nchi, huku kwetu inapokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Kwa hiyo kwenye makaratasi tulikuwa na masaa nane tisa ya kujipanga, wimbi kama lipo lingetufikia usiku. Masaa nane ni muda mwingi, unaweza kuhamisha kijiji kizima kwa miguu na kuku wao.

Tulichofanya na hayo masaa nane ni hiki. Nusu ya watu walicheka, nusu wakakimbia ovyo. Meseji zikaanza kuzunguka, moja inasema maji yameshafika Pemba, nyingine inasema bandari imezama, na hizo zote zilikuja mchana kabla wimbi halijafika hata katikati ya bahari, mtu angekaa dakika moja akapiga hesabu angejua ni uongo lakini nani anapiga hesabu akiwa na hofu. Mi mwenyewe niliituma ile ya Pemba kwa watu sijui wangapi. Bado najuta, maana binamu yangu mmoja mjamzito aliipata kutoka kwangu akatoka mbio peke yake akaanguka kwenye mtaro, mtoto alizaliwa salama lakini hilo siyo la kunisafisha mimi.

Nikampigia mama, laini zimejaa, hazishiki. Nikachukua bodaboda mpaka kijijini, nikamkuta mama amekaa anapeta mchele. "Shikamoo mama, twende!" "Marahaba, twende wapi?" Swali lake lilikuwa la haki na mi sikuwa na jibu. Twende wapi? Tuliishia kulala shule, kwa sababu ipo juu kidogo, watu kama mia moja na mbu, na wengine walibaki nyumbani wanatuchungulia tu. Usiku ikatangazwa tahadhari imeondolewa, hakuna wimbi la hatari. Asubuhi tunarudi na magodoro kichwani, tukachekwa mpaka sokoni. Kwa miaka mingi pale kwetu ukisema TMA wamesema, mtu anakujibu wale wa magodoro.

Hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu ndilo linalowakosesha watu imani. Tahadhari ile haikuwa uongo. Tetemeko la 8.6 ni kubwa kupita kiasi, na dakika za mwanzo wanachokijua watu wa vituo ni ukubwa na mahali tu, hawajajua sakafu ya bahari imefanya nini. Wimbi la tsunami linazaliwa sakafu ikinyanyuka au kudidimia, inasukuma maji yote yaliyo juu yake. Lile la 2004 lilinyanyua. Lile la 2012 miamba iliteleza kwenda pembeni, ubavu kwa ubavu, maji hayakusukumwa sana juu. Hilo wanalijua baadaye, vipimo vya bahari na maboya yakishasoma. Ukisubiri mpaka uhakika uwepo ndo uwatangazie watu, siku ya kweli utawatangazia maiti. Kimbunga Jobo Aprili 2021 ilikuwa hivyohivyo, tukatahadharishwa, kikapungua nguvu kabla ya kufika, watu wakasema tena ah hawa nao, na Mei 2024 Hidaya akaja kweli. Mi nimeamua, nikihama mara tisa bure na mara ya kumi ikawa kweli, sijapoteza kitu zaidi ya usingizi.

Halafu 2020. Jumatano 12 Agosti, saa mbili na dakika 13 usiku, tumekaa tunakula ugali na dagaa, kikombe kikaanza kutembea juu ya meza. Nyumba ikalia. Ndo mara ya kwanza mi kusikia ardhi inatikisika, tulishazoea kudhani matetemeko ni ya Bukoba huko, maana lile la Kagera la Septemba 2016, ukubwa 5.9, lilibomoa nyumba na kuua watu na sisi tukachangia tukasahau. Hili lilikuwa 6.0, baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam, likasikika Dar, Zanzibar, Tanga mpaka Mombasa. Watu wote nje, wengine taulo tu kiunoni. Na unajua tulikwenda wapi? Tulikwenda pwani. Kijana mmoja alisema tukaangalie bahari kama imekauka, tukateremka kundi zima na tochi za simu, mi nikiwa mbele, mimi ambaye bibi alinivuta mkono pale pale miaka 16 nyuma!

Haikuwa kitu, tetemeko la ukubwa ule kwa kawaida halileti tsunami kubwa. Lakini kama lingekuwa la kuleta, limetokea jirani hapo, tusingekuwa na masaa tisa, tungekuwa na dakika tu. Usiku ule sikulala. Nilikuwa najiuliza inakuwaje mtu anafundishwa na bahari yenyewe halafu anasahau kiasi hiki.

Mwaka huohuo wa 2020 ndo nikasikia habari ya mifupa ya Pangani. Wataalamu wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa nje walikuwa wanachimba kwenye ghuba ya Pangani, hapo jirani yetu kabisa, wakakuta kijiji cha Waswahili wa zamani, vyungu, shanga, na mifupa ya watu. Mifupa ile haikuwa makaburini. Watu wamelala ovyo, hawana majeraha ya vita wala dalili za ugonjwa, na wamefunikwa na tabaka la mchanga uliotoka baharini. Umri wake kama miaka 1,000. Wakalinganisha na mabaki ya tsunami ya umri huohuo yaliyopatikana nchi nyingine za Bahari ya Hindi, wakaona inakubali kwamba lilikuwa wimbi moja kubwa lililovuka kutoka upande wa Sumatra.

Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Sisi tumelelewa kuambiwa haya mambo ni ya Wajapani na Waindonesia. Na hapa kumbe babu zetu, watu waliokula samaki hawahawa, walikufa kijiji kizima kwa maji kama yale, na sisi wajukuu hatuna hata hadithi moja, hata methali, hata wimbo wa ngoma unaotaja. Nimeuliza wazee Pangani na Kigombe, hakuna. Labda waliobaki hawakuwepo wa kusimulia.

Linganisha na kisiwa cha Simeulue, hukohuko karibu na Sumatra. Wao walipigwa na tsunami mwaka 1907, wakafa wengi, waliobaki wakaipa jina, smong, wakaitungia nyimbo za kubembelezea watoto, kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikikauka kimbilia mlimani usiangalie nyuma. 2004 Simeulue walikuwa karibu kabisa na tetemeko, wimbi liliwafikia kwa dakika chache, hawakuwa na king'ora wala redio. Kisiwa cha watu zaidi ya 70,000, walikufa saba.

Hiyo saba ndo iliyonifanya niamke. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaenda BMU, kile kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi na pwani, nikaenda kwa imamu. Zamani palikuwa na mradi mmoja ulikuja, wakatupiga picha, wakaweka bango la njia ya kukimbilia, bango lenyewe likaelekeza watu kwenye barabara inayopita kwenye mikoko, yaani kwenye bonde, na hawakurudi tena, kutu ikalimaliza. Kwa hiyo watu walikuwa na haki ya kuchoka na mikutano.

Nikaanza na swali la mama, twende wapi? Tukatembea na vijana wawili wa BMU tunatafuta pa juu. Tanga mjini wana bahati, sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya jabali la matumbawe, mtu wa Raskazone akipanda kidogo tu yuko salama, shida ni waliopo chini kule kwenye magati kama Deep Sea na wa Sahare upande wa mikoko. Kwetu ardhi imelala. Pa juu ni kwenye mashamba ya mkonge ng'ambo ya barabara ya Pangani, kwa mwendo wa mtu mzima dakika kumi na tano, kwa mama mwenye miguu mibovu na mtoto mkononi tulipima ikatoka dakika thelathini na nne. Hapo ndo nikajua mkokoteni wa maji ni kifaa cha kuokolea watu, tukakubaliana na wenye mikokoteni ni nyumba zipi tano watapitia kwanza.

Habari ya nani atangaze ilitugombanisha kidogo. Kipaza sauti cha msikiti kinasikika kijiji kizima lakini imamu akasema, na alisema kwa hekima, watu wakisikia mtu anaongea nje ya saa ya adhana wanajua ni msiba, watakuja msikitini kuuliza nani kafariki, na msikiti wenyewe uko pwani. Kweli kabisa! Tukakubaliana maneno, yatasomwa hayohayo siku zote, mara tatu, "Haya maji siyo ya leo, mkongeni." Nilipowaambia hayo ni maneno ya bibi mama yangu aliinama akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Jaribio la kwanza tulifanya Jumamosi moja ya bamvua, na lilishindikana. Nyumbani watu walisikia, wakatoka, watoto wakakimbia vizuri mpaka raha. Lakini wanawake wa mwani walikuwa mbali huko kwenye vigingi, zaidi ya nusu kilomita kutoka mchangani, wameinama, kanga kichwani, hawakusikia hata neno. Tulisahau upepo. Kwetu iwe kaskazi iwe kusi, mchana upepo unatoka baharini kuja nchi kavu, unaichukua sauti unaipeleka mkongeni. Wanaohitaji kusikia kuliko wote ndio pekee wasiosikia. Dada mmoja wa mwani akatwambia bila kupepesa, nyie mmepanga mkiwa mmekaa barazani, mngekuja kupanga mkiwa mmesimama kwenye maji. Akapendekeza yeye mwenyewe bendera nyekundu kwenye mnazi mrefu kuliko yote, kwa sababu wao kila wakinyanyuka kunyoosha mgongo wanaangalia minazi kujua wako wapi, na kila kikundi kina mtu mmoja ana filimbi. Jaribio la pili walitoka wote, la tatu walitoka mapema kuliko sisi wa nyumbani.

Wavuvi wa usiku bado hawajakaa sawa. Wa dagaa wanakwenda na taa, wengine hawana simu wanaogopa isidondoke, na hata mwenye simu mtandao nje ya mwamba unakatika. Tulichokubaliana nao ni kwamba wakisikia tahadhari na wako nje kwenye kina, wabaki hukohuko mpaka waitwe, hata kama wanaona kijiji kina kelele, na mjomba wangu ndiye anayewaelezea kwa sababu yeye hiyo bahari ya 2004 aliikalia juu yake. Akisema yeye wanakaa kimya wanasikiliza.

Kuna dalili moja ambayo kwetu ina shida yake. Wanafundisha kwamba wimbi linakuja na mngurumo, ukisikia mngurumo baharini kimbia. Sisi Tanga mngurumo wa baharini tuliuzoea utotoni, watu walikuwa wanavua kwa mabomu, pu! unasikia, mtu hageuki hata shingo. Mabomu siku hizi yamepungua sana lakini masikio yetu yalishaharibika, kwa hiyo watoto huwa nawaambia wazi, mlio msiutegemee, angalieni maji. Maji yakikauka isivyo saa yake, au yakijaa isivyo saa yake, maana wakati mwingine linaanza kwa kujaa bila kukauka kwanza, unaondoka. Na ukishafika mkongeni usirudi kuchukua godoro wala mbuzi, lile la kwanza siyo lazima liwe kubwa kuliko mengine, sisi tulihesabu matano sita mpaka magharibi.

Na mikoko jamani tuiache isimame. Haizuii wimbi kubwa, asije mtu akakudanganya, lakini inapunguza nguvu na inashika vitu vinavyobebwa na maji visikugonge, upande uliokatwa boriti ukauona baada ya mvua tu ya kawaida utaelewa.

Juzi kusi limechana bendera pale juu, imebaki uzi. Mama ametoa kanga yake moja ya zamani nyekundu, amekata, ameshona pembe mara mbili ili ikaze, na kijana wa mgema amesema Jumamosi akipanda kugema ataifunga.